Pamba Iliyoungua

Ladha ya pamba iliyoungua inakamata koo kabla haijafika kwenye ulimi. Unakohoa mpaka machozi yanatoka, halafu inabaki mdomoni siku nzima. Ukila wali unaisikia, ukinywa chai unaisikia. Mara ya kwanza ilinipata nimesimama mlangoni kwangu Chanika, asubuhi ya Jumapili, na hapakuwa na mtu wa kunicheka.

Wakati huo nilikuwa na miezi mitatu peke yangu. Mke wangu ni muuguzi. Alipata uhamisho kwenda Dodoma, akaondoka na watoto wetu wawili, kwa sababu mie natoka nyumbani kabla jua halijachomoza na hakuna ambaye angewaandaa kwenda shule. Nyumba tuliijenga wenyewe, pole pole, na upande wa nyuma bado haujapigwa plasta. Ina sebule kubwa kuliko mahitaji ya mtu mmoja. Upande wa kulia ni shamba la mihogo. Upande wa kushoto ni msingi wa nyumba ambayo mwenyewe hajarudi kuimalizia. Kazini kwangu, Temeke, mimi ni karani wa masjala. Napokea mafaili, nayatafuta, nayarudisha mahali pake. Kuna siku saa za kazi zinaisha sijaongea sentensi tatu zilizokamilika.

Sigara nilianza kuvuta nikiwa na miaka ishirini. Nilijaribu kuacha tulipoambiwa mtoto wetu wa pili ana pumu, nikashindwa mara nne. Aliyenitoa huko ni kaka yangu. Yeye alikuwa fundi wa majokofu Kigamboni, amenizidi miaka sita, na alikuwa anavuta kuliko mie. Siku moja alitoka Mwenge na vepu mbili zinazofanana, zile sigara za betri, akaniwekea moja mkononi. "Sigara basi," akasema. "Mie nawe. Atakayerudia amwambie mwenzake."

Hatukurudia, wote wawili.

Vepu zile hazikuwa za kutumia na kutupa, zilikuwa za kukarabati mwenyewe. Ukifungua tangi lake unakuta viguzo viwili vyenye skrubu, na katikati yake waya mwembamba uliozungushwa kama springi. Hiyo ndiyo koili. Ndani ya koili unapitisha pamba. Pamba inanyonya juisi, yale maji ya nikotini yenye ladha unayojaza kwenye tangi, betri inapasha waya moto, juisi inageuka mvuke. Baada ya wiki moja au mbili pamba inachakaa, waya unashika uchafu mweusi kama masizi ya sufuria, na inabidi ubadilishe.

Kaka alinifundisha kwenye meza yake ya kazi, uani kwake, kati ya majokofu yaliyofunguliwa migongo. Niseme ukweli, sikusikiliza. Nilikuwa naangalia mikono yake tu. Alikuwa anazungusha waya kwenye bisibisi ndogo mara sita bila kuhesabu, huku ananisimulia habari za mteja aliyehifadhi viatu kwenye friza. Nilijua kwamba koili yangu ikichoka nitakuja tena, atanifungia nyingine, shemeji, mke wake, atatuletea chai, na Jumamosi itakuwa imepita vizuri. Ilikuwa sababu yangu ya kwenda Kigamboni, na nadhani hata yeye alilijua hilo, maana hakuwahi kuniambia nijifunze.

Halafu kaka akapata kiharusi. Alianguka hapo hapo uani, asubuhi, akiwa ameshika kikombe. Shemeji alinipigia simu nikiwa masjala. Niliyaacha mafaili mezani, nikapanda pikipiki yangu.

Tulikaa naye hospitali siku kumi na moja. Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Siku ya pili, nimekaa pembeni ya kitanda chake, mdomo wake umevutwa upande na mkono wa kulia umelala kama si wake, wazo lilinijia kichwani bila kukaribishwa: sasa nani atanifungia koili? Nilishtuka. Nikatoka nje nikanawa uso. Lakini wazo lenyewe nililiwaza, siwezi kusema sikuliwaza.

Alirudi nyumbani akiwa amebaki na neno moja. Maneno mengine yote yaliondoka, akabaki na "basi". Akitaka maji alisema basi. Akiumwa, basi. Shemeji alikuwa anazitofautisha hizo basi kwa sauti na kwa macho, kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake. Daktari alikuwa amesema hakuna sigara, hakuna vepu, hakuna chochote cha kuvuta. Siku niliyowatembelea mara ya kwanza, shemeji alinitolea boksi la plastiki lenye vifaa vya kaka: waya, vibano, bisibisi, mkasi mdogo, pamba.

"Vitu vyenu hivi, shemeji," akaniambia. "Vitoe humu ndani. Sitaki kuviona."

Vepu ya kaka haikuwemo. Sikuuliza aliipeleka wapi.

Kwa hiyo ile Jumapili ya mlangoni ilikuwa mara yangu ya kwanza kufunga koili kwa mikono yangu. Ilionekana sawa kabisa. Nikavuta, nikaungua koo.

Nilirudia. Nikafikiri juisi haitoshi, nikajaza mpaka ikavuja kwenye shati. Nikafikiri pamba ni kidogo, nikaongeza mpaka ikawa inaingia kwa kusukumwa na bisibisi. Hapo ikawa mbaya zaidi. Nilipopata inayofanya kazi, baada ya siku mbili tatu ilikuwa nyeusi tititi, na mvuke una ladha ya sukari iliyoungulia kwenye chungu. Kila jioni nikitoka kazini nilikuwa nakaa barazani na lile boksi kabla giza halijaingia. Mke wangu alikuwa anapiga simu baada ya kulisha watoto.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Unafanya nini?"

"Natengeneza kale kadude."

"Bado?"

Halafu mtoto mmoja analia au mgeni anabisha hodi huko Dodoma, na tunaagana. Sikumlaumu. Ila baada ya simu kukatika nilikuwa nakaa nimeishika kidogo, kama vile kuna mtu bado yupo.

Jumamosi moja nilikwenda Mwenge, kwenye duka ambako kaka alinunua vepu zetu. Ni kaduka kembamba, nyuma ya wachonga vinyago. Muuzaji alikuwa dada wa makamo, amejitanda mtandio. Nilimwekea tangi mezani. Alilifungua, akanusa, akanirudishia.

"Juisi gani unatumia?"

"Ya keki."

"Ndiyo maana. Hizo zenye sukari nyingi zinaua koili. Sukari haigeuki mvuke, inabaki kwenye waya inaungua." Akanionyesha kabati lililojaa vepu za rangi rangi. "Kaka, watu siku hizi hawahangaiki na hizi za kufunga. Chukua ya kutupa, ikiisha unaleta miguu unanunua nyingine."

"Hii nataka niijue," nikamwambia.

Akafunga kabati. Aliniuzia juisi nyepesi isiyo na rangi, akaniambia na waya mchafu sio lazima utupwe. Ukitoa pamba, ukauwasha waya mtupu kidogo kidogo mpaka ukawa mwekundu, masizi yanaungua. Halafu unaacha upoe, unausugua kwa mswaki chini ya maji, unaweka pamba mpya. Nilimshukuru. Nikiwa njiani nilihisi furaha isiyo na kiasi, na baada ya muda nikagundua kwamba sio kwa sababu ya ule mswaki. Ni kwa sababu mtu alikuwa ameongea na mie robo saa nzima.

Uchafu ulipungua kweli. Kuungua hakukuisha. Kila mvuto wa tatu au wa nne, koo linawaka.

Hapo ndipo nikaamua kumpelekea kaka. Nilimpigia kwanza shemeji, maana nyumba ni yake na mgonjwa ni wake.

"Sitavuta hapo," nikamwambia. "Nataka aitazame tu. Labda atafurahi."

Nilisikia anafunga bomba la maji.

"Shemeji, nakuheshimu," akasema. "Lakini ukimpa hata mvuke mmoja, kwangu hukanyagi tena."

"Nimekuelewa."

Toka Chanika nilipita Mbande na Mbagala, nikashuka Kongowe hadi Kigamboni, boksi limefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira. Kaka alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto. Ile meza yake ya kazi ilikuwa imefunikwa turubai.

"Shikamoo, kaka."

"Basi," akasema, na nusu ya uso wake ikatabasamu.

Niliisogeza stuli, nikalipanga boksi mbele yake. Nikafungua tangi na kumwonyesha koili yangu. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaisogeza karibu na jicho, akatikisa kichwa. Akachukua kibano. Mkono wa kushoto haukuwa umezoea; kibano kilianguka mara mbili, na mara zote mbili nilitaka kumsaidia, akanipiga kofi dogo la mkono. Mara ya tatu alikamata pamba yangu, akaivuta. Ilitoka kwa shida, kama kizibo. Akaiweka gotini, akaichana kwa kidole gumba mpaka ikabaki karibu nusu. Ile nusu nyingine akanirushia kifuani.

"Basi," akasema kwa ukali.

Nilielewa. Miezi yote ile nilikuwa naongeza pamba nikidhani imepungua, kumbe iliyobanwa haipitishi juisi. Waya unapata moto wakati pamba katikati bado kavu.

Halafu akaniashiria niwashe waya mtupu. Nikabonyeza. Upande mmoja wa koili ulikuwa mwekundu kabla ya mwingine. Mie nilikuwa nimeliona hilo siku nyingi, nikadhani ndivyo ilivyo. Yeye akagonga skrubu ya upande ule kwa kucha, tik tik tik, akinitazama usoni. Nilijaribu skrubu kwa bisibisi. Ilikuwa imelegea. Nikakaza. Akachukua kibano akaibana koili taratibu, mizunguko ikakaa karibu karibu sawasawa. Nikabonyeza tena, na safari hii wekundu ulianzia katikati ukasambaa pande zote mbili kwa pamoja.

Kaka alicheka. Kicheko chake hakikuwa kimeguswa na ugonjwa. Kilitoka kama zamani, kwa kifua chote. Shemeji alitokeza mlangoni, ana mwiko mkononi. Nafikiri alikuwa hajakisikia toka siku ile ya kuanguka.

Nilipitisha pamba nyembamba, nikapunguza ncha zake, nikailowesha juisi, nikafunga tangi. Nikamkabidhi aitazame. Sijui kwa nini nilimkabidhi ikiwa imekamilika, na betri ndani.

Aliizungusha mkononi mara moja, akaipeleka mdomoni.

Haikuwa haraka. Mkono wake ulikuwa unakwenda pole pole, na nilikuwa na muda wa kutosha kufikiria. Nilifikiria kwamba mvuto mmoja hautamuua. Nilifikiria kwamba ni mtu mzima. Nilimfikiria daktari. Halafu nikaukamata mkono wake, nikaitoa vepu kati ya vidole vyake. Haikuhitaji nguvu, na hilo ndilo lililoniuma, jinsi ambavyo haikuhitaji nguvu. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto tukitoka shule.

"Samahani, kaka," nikasema.

Akalisukuma boksi kwa kiwiko, likaanguka, skrubu na vipande vya waya vikatawanyika barazani. Akageuza uso ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Shemeji alikuja, akapiga magoti, akaanza kuokota skrubu moja moja. Nami nikapiga magoti nikaokota. Mpaka naondoka kaka hakunigeukia.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Vepu yangu ilifanya kazi vizuri kuliko wakati wowote, na kila nilipoivuta nilimwona amegeukia ukuta. Nikaiweka kabatini, nikairudia Alhamisi.

Ijumaa shemeji alipiga simu.

"Kesho unakuja?"

"Sijui kama anataka nije."

"Anaonyesha mkono hivi, kama anazungusha kitu. Tangu Jumatatu. Njoo na waya. Lile lidude lenyewe liache kwako."

Kwa hiyo nilikwenda na waya na bisibisi tu. Mie nilikuwa nashika bisibisi kwa pande zote mbili, yeye anazungusha waya kwa mkono wa kushoto. Koili ya kwanza ilitoka kama mzizi uliopinda. Hakujali, akaanza nyingine. Mtu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa anakuja nyumbani alisema kazi ile ni nzuri, ajaribu kuuingiza na mkono wa kulia, hata kwa kuegemeza tu. Jumamosi zilizofuata tulitengeneza koili nyingi sana. Shemeji alizihifadhi kwenye kopo la kahawa. Nyingine zilikuwa nzuri, nikazitumia kwangu; nyingi hazikufaa kitu. Nilikuwa naongea mie peke yangu saa nzima, habari za masjala, za watoto, za mke wangu ambaye ombi lake la kurudishwa Dar lilikuwa limekataliwa. Sikumwambia mtu mwingine habari ya lile ombi. Kaka aliacha kuzungusha waya, akaweka mkono wake juu ya goti langu, ukakaa hapo.

Baada ya masika, dada yetu mkubwa alikuja kutoka Njombe. Walizungumza na shemeji siku mbili. Shemeji alikuwa amechoka, alikuwa amekonda, kazi yake ya ushonaji ilikuwa imesimama. Wakaamua kaka apelekwe nyumbani, kwa dada, ambako kuna watu wengi wa kumwinua na kumlaza, na shemeji atafuata akishamaliza mambo yake Kigamboni. Waliponiuliza nilisema ni uamuzi mzuri. Ulikuwa mzuri kweli.

Niliwasindikiza stendi ya Mbezi asubuhi. Tulimpandisha kwenye basi watu watatu. Nilipokuwa namfunga mkanda, alinishika mkono, akauleta puani, akanusa vidole vyangu. Vilikuwa vinanuka juisi. Nilikuwa nimebadilisha pamba asubuhi ile. Nilidhani atakasirika. Alivishikilia tu, macho amefumba, mpaka kondakta akasema wasiosafiri washuke.

Jumamosi iliyofuata nilichukua pikipiki na kufika mpaka Mbande ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Niligeuza.

Sasa naijua kazi ile. Nikisikia ladha ya kuungua najua nianzie wapi: nione kwanza kama pamba imebanwa, halafu kama ncha zake ni ndefu zinaziba njia ya juisi, halafu skrubu, halafu kama nimeweka moto mkali kuliko waya unavyostahimili. Nikiona weusi najua ni sukari. Siku moja nilimweleza mke wangu haya yote kwenye simu, hatua kwa hatua, na kwa mara ya kwanza hakunikatiza.

"Si uache tu sasa?" akaniuliza mwishoni, kwa upole.

"Nitaacha," nikasema, nikimaanisha, ila si siku ile.

Mwezi wa nane nilichukua likizo nikaenda Njombe. Baridi ilikuwa inauma masikio. Nilibeba lile boksi, na waya mpya, nikifikiri tutakaa uani kama Kigamboni. Nilimkuta kaka amevaa koti kubwa na kofia ya sufu, anatembea na fimbo kutoka mlangoni hadi kwenye banda la kuku, akiburuza mguu. Maneno yalikuwa yameongezeka. Alisema "kuku". Alisema jina la utani aliloniita utotoni.

Nilipofungua boksi mbele yake alilitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Akachukua kipande cha waya, akakikunja mara moja, akakirudisha. Halafu akanyanyuka kwenda kuwatupia kuku pumba, maana ulikuwa muda wao.

Dada alikuwa jikoni anamenya viazi. "Ameshasahau mambo ya Dar huyo," akaniambia. "Mshukuru Mungu."

Nilimshukuru. Nilikaa kwenye gogo nikimtazama kaka kwenye jua lile lisilo na joto, kuku wamemzunguka miguuni, na nilifurahi kwa moyo wangu wote, na hapo hapo nikajisikia mpweke kuliko nilivyowahi kujisikia nikiwa Chanika. Sikuona namna ya kumweleza dada mambo hayo mawili yalivyokaa pamoja. Nikaenda kumsaidia viazi.

Nilikaa siku nne. Siku ya tano nilirudi Dar, nikafika nyumbani bado kuna mwanga, nikafungua madirisha yote, maana nyumba ilikuwa imefungwa muda mrefu.